Namba 88: Aushi ya John Mackey

Katika futiboli ya Marekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na aghalabu huchukuliwa mikononi kuliko kupigwa teke, upande ulio na mpira hauna budi kuweka watu saba katika safu ya mbele kabla pambano halijaanza. Na katika saba hao, watano wa katikati hawana ruhusa ya kudaka mpira uliorushwa, kwa kuwa wajibu wao ni kusukuma na kukinga, ilhali wawili wanaosimama katika ncha za safu, mmoja upande huu na mwenziwe upande ule, ruhusa hiyo wanayo. Miaka ilipopita, mmoja wa wawili hao alisogezwa mbali, karibu na ukingo wa uwanja, apate nafasi ya kukimbia peke yake. Yule aliyeachwa mahali pake, bega lake karibu na bega la jirani yake, akaitwa taitendi, yaani mtu wa ncha aliyebana. Huyu ni mtumishi wa mabwana wawili. Mwenzake akikabidhiwa mpira akimbie nao, yeye hukutana kifua kwa kifua na mlinzi mwenye mwili mkubwa kuliko wake, akamsogeza kando ili njia ipatikane; mpira ukirushwa, huchomoka miongoni mwa miili inayogongana, akageuka hima, akaudaka, akatafuta njia yake mwenyewe. Katika dhima ya kwanza jina lake halitajwi na mtu. Katika ya pili uwanja mzima humshangilia.

Kazi hii si kongwe kama mchezo wenyewe. Kurusha mpira mbele kuliruhusiwa mwaka 1906, na kwa muda mrefu baada ya hapo mtu yule yule aliyeshambulia ndiye aliyelinda pindi mambo yalipogeuka, hata ikawa mtu wa ncha huchaguliwa kwa ugumu wa kifua chake kuliko kwa wepesi wa vidole vyake. Ligi ya kitaifa ilipofungua kabisa mlango wa kubadilisha wachezaji mwaka 1950, kila mmoja akapata sehemu yake ya kubobea, na makocha wakaanza kujiuliza kama hapana mja awezaye kuwa mwamba na swala kwa wakati mmoja. Jibu moja lilitoka Chicago mwaka 1961, ambapo Mike Ditka, akicheza chini ya mzee George Halas, alidaka mipira 56 katika msimu wake wa kwanza, akapata yadi 1,076 na kufunga tachidauni 12, yaani mara 12 aliufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli, akawashtua waliozoea kumwona mtu wa mahali pale akisukuma tu. John Mackey alikuja miaka miwili baadaye na jambo jingine, nalo ndilo linalonishughulisha hapa: aliufanya udakaji uwe mwanzo wa safari badala ya mwisho wake, na kisha, nje ya uwanja, akawatengenezea wenziwe njia ambayo yeye mwenyewe hakujaaliwa kuipita.

Alizaliwa New York tarehe 24 Septemba 1941, mwana wa mchungaji wa Kibaptisti, akakulia Roosevelt katika kisiwa cha Long Island, na kutoka huko akaenda Chuo Kikuu cha Syracuse. Kocha wa hapo, Ben Schwartzwalder, aliyekuwa askari wa miavuli katika vita vikuu vya pili, alipenda mpira wa mbio kuliko mpira wa kurusha, kwa hiyo mtu wa ncha alijifunza kukinga kwanza, na kudaka kukawa kama ziada. Fauka ya hayo, sheria za vyuo vya siku zile zilibana sana ubadilishaji wa wachezaji, hata kijana aliyeingia uwanjani kushambulia alitakiwa abaki alinde pia. Wanaoona ajabu kwamba Mackey, pamoja na mbio zake zote, hakuwahi kuidharau kazi ya kusukuma, wasisahau malezi hayo.

Katika chumba chake cha chuoni alikaa na Ernie Davis. Davis ndiye aliyerithi jezi namba 44 iliyovaliwa kabla yake na Jim Brown, na mwaka 1961 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa Heisman, tuzo iliyo kubwa kuliko zote katika futiboli ya vyuo. Mwaka uliofuata aligunduliwa ana saratani ya damu, na tarehe 18 Mei 1963, akiwa na umri wa miaka 23, akafariki dunia kabla ya kucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Waandishi wengi wa habari za Mackey huligusa jambo hili kwa sentensi moja wakapita. Mimi naliona ni zito kuliko hivyo. Kijana aliyelala kitanda cha pili katika chumba kile, naye amekwisha kuchaguliwa na klabu ya Baltimore Colts katika duru ya pili ya kuchagua vijana wa vyuo, aliingia katika kazi yake miezi michache baada ya msiba huo, akiwa ameona kwa macho yake kuwa mwili wa mwanamichezo, hata uwe na nguvu namna gani, ni amana.

Baltimore ya wakati ule ilikuwa mji wa bandari na viwanda vya chuma, na uwanja wake, Memorial Stadium, ulikuwa katikati ya nyumba za watu, hata vifijo vya Jumapili vikisikika barazani. Msimu wa 1963 kocha alikuwa mpya, Don Shula, mwenye miaka 33 tu, na mrushaji alikuwa Johnny Unitas, ambaye sifa yake ilikwisha kuenea nchi nzima. Mackey alipewa jezi namba 88. Alidaka mipira 35, akapata yadi 726 na tachidauni 7. Na msomaji akigawa hesabu hiyo ataona kuwa kila mpira mmoja ulileta zaidi ya yadi 20, wastani ambao hata wakimbiaji wepesi wa pembezoni wangeuona fahari. Kwa kuwa alikuwa na mbio kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa futi 6 na inchi 2 na ratili 224, alipewa pia kazi ya kurudisha mipira ya kuanzia. Mwisho wa msimu huo wa kwanza alialikwa katika mchezo wa wateule wa ligi, na katika aushi yake alialikwa mara tano.

Mwaka uliomdhihirisha zaidi ni 1966. Alifunga tachidauni 9, na 6 kati ya hizo zilikuwa za yadi 50 au zaidi: 51, 57, 64, 79, 83 na 89. Uwanja mzima, toka mstari wa goli hadi mstari wa goli, ni yadi 100. Basi mtu na apime mwenyewe maana ya mtu wa safu, ambaye mwenzake wa mkono wa kulia au wa kushoto haruhusiwi hata kuupokea mpira uliorushwa, kuvuka nusu ya uwanja mara sita katika msimu mmoja na kufika mwisho.

Ile ya yadi 64 ilifungwa mwezi wa Novemba dhidi ya Detroit, klabu iitwayo Simba, na picha yake ya sinema imehifadhiwa. Nimeitazama mara nyingi. Anaupokea mpira mfupi, usio na uzuri wowote, na kabla hajapiga hatua za kutosha wamemzunguka; mmoja anamrukia akabaki ameshika hewa, wa pili anamgonga ubavuni akadunda, wengine wanamfuata kwa pamoja, na kwa kitambo kidogo mwili wake unapotea katika kundi la jezi hata mtazamaji anajiambia kuwa yamekwisha. Kisha kundi lile linapasuka, naye anatokea upande wa pili, amepepesuka lakini hajaanguka, mkono mmoja umeubana mpira kifuani, na nyuma yake watu wazima wamelala chini mmoja hapa na mmoja pale mithili ya migomba baada ya tufani. Tangu hapo mbele yake hapana mtu. Zipo mbio za wachezaji wengine zilizo nyepesi zaidi machoni, lakini sijaona nyingine inayoonyesha kwa ukamilifu kama huo jinsi dhima zile mbili za taitendi zilivyo dhima moja: nguvu alizojifunza kwa kuwafungulia wengine njia ndizo alizozitumia siku ile kujifungulia yake.

Misimu iliyofuata nitaipita kwa haraka. Alihesabiwa miongoni mwa bora wa mahali pake 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa mwisho Colts walishinda michezo 13 kati ya 14, kisha Januari 1969, katika fainali, wakaaibishwa na New York Jets 16 kwa 7, matokeo ambayo wapenzi wa Baltimore waliyalilia kwa miaka.

Lakini wakati yeye akijenga jina uwanjani, palikuwa na jambo jingine lililoanza mwaka ule ule alioanza yeye. Mwaka 1962 mchezaji R. C. Owens, ambaye mkataba wake na San Francisco ulikuwa umekwisha, alihamia Baltimore kwa hiari yake. Na matajiri wa klabu, kwa kuogopa mfano huo usienee, wakaweka mwaka 1963 kanuni ambayo watu waliiita kwa jina la kamishna wao, Pete Rozelle. Kwa kanuni hiyo, klabu iliyomchukua mchezaji aliyemaliza mkataba wake kwingine ililazimika kuifidia klabu ya zamani, na kama hawakupatana, kamishna mwenyewe angekata fidia, achukue wachezaji au haki za kuchagua vijana wa vyuo kama alivyoona. Hakuna tajiri aliyetaka kununua kitu bila ya kujua bei yake. Toka 1963 hadi 1974 wachezaji 176 walimaliza muda wao wakawa, kwa maneno ya karatasi, watu huru. Waliopata klabu nyingine ni 34 tu, na kamishna alikata fidia mara 4. Hofu ya kukatiwa ilitosha.

Mwaka 1970 ligi mbili zilizokuwa zikishindana ziliungana, na vyama vya wachezaji vya ligi hizo vikaungana pia, Mackey akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama hicho kipya. Mwezi wa Julai, matajiri wakiwa wamefunga milango ya kambi na wachezaji nao wakiwa wamegoma, yeye alikuwa mbele ya mazungumzo, na mwafaka uliopatikana uliongeza zaidi ya dola milioni 11 katika pensheni na haki nyingine za wachezaji. Mtu mweusi wa miaka 28, mwajiriwa, aliketi kukabiliana na watu ambao kwa neno moja wangeweza kukata riziki yake, na hakuinamisha kichwa. Sifa hiyo naiweka sawasawa na mbio za Detroit.

Miezi sita baadaye, tarehe 17 Januari 1971, rais huyo wa wagomaji alikuwa Miami, katika fainali ya Super Bowl dhidi ya Dallas Cowboys. Colts walikuwa nyuma kwa 6. Unitas akarusha mpira uliokusudiwa kwa Eddie Hinton. Ukapita juu kidogo, Hinton akaugusa kwa ncha za vidole, ukapaa ukielekea kwa mlinzi Mel Renfro, kisha ukashuka mikononi mwa Mackey, ambaye aliuchukua hadi mwisho, yadi 75 kwa jumla. Zogo likazuka papo hapo, kwa maana sheria ya siku zile ilikataza mpira uliorushwa uguswe na washambuliaji wawili mfululizo bila ya mlinzi kuugusa katikati. Basi kama Renfro hakuugusa, tachidauni ile ilikuwa batili. Yeye alikana. Waamuzi wakashikilia kuwa aliugusa, na picha za sinema zilizochunguzwa baadaye zikawaunga mkono. Colts walishinda 16 kwa 13, kwa teke la Jim O'Brien zikiwa zimesalia sekunde 5, na Mackey akapata pete ya ubingwa ambayo tutaikuta tena.

Mwaka 1972 alicheza San Diego, akastaafu. Alikuwa amedaka mipira 331, yadi 5,236, tachidauni 38, na katika misimu kumi alikosa mchezo mmoja tu. Mwaka huo huo jina lake likaandikwa juu ya hati ya mashtaka, yeye na wachezaji wenziwe wakiishitaki ligi huko Minneapolis, wakidai kuwa kanuni ya Rozelle ilivunja sheria za nchi zinazozuia uhodhi wa biashara. Jaji Earl Larson alisikiliza kesi kwa siku 55, na Desemba 1975 akaihukumu kanuni ile kuwa ni haramu. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa, ijapokuwa ilitumia kipimo kilicho laini zaidi, ikaithibitisha hukumu hiyo. Ligi ilijitetea kwamba kanuni hiyo ilikuwamo katika mapatano na chama cha wachezaji chenyewe, kwa hiyo ilikuwa nje ya sheria za uhodhi. Majaji wakaona kuwa juu ya jambo hilo hapakuwa na majadiliano ya kweli: kanuni iliwekwa na upande mmoja, na upande wa pili ukaikuta. Nadhani katika hukumu yote hapo ndipo penye kiini cha insafu, kwa sababu mapatano ambayo mmoja hakupata nafasi ya kusema la hata mtoto hawezi kuyaita mapatano.

Inasikitisha kusimulia kilichofuata. Katika mkataba wa mwaka 1977 wachezaji walilipwa fidia ya dola milioni 13 na ushei, na chama kikapata nguvu, lakini ule uhuru wa kuhama uliopatikana mahakamani ukarudishwa sehemu kubwa mezani, na kanuni nyingine za fidia zikachukua mahali pa ile ya zamani. Uhuru wenyewe ulikuja mwaka 1993, baada ya kesi nyingine za watu wengine. Mackey alikuwa na miaka 51. Mamilioni ambayo mataitendi wa baada yake walitia saini, watu kama Tony Gonzalez waliotajirika kwa kazi aliyoivumbua upya yeye, yalipita katika tundu alilolitoboa kwa bega lake, naye akiwa amekwisha kuondoka uwanjani miaka 20.

Jumba la Mashujaa la Canton, Ohio, nalo halikumfanyia haraka. Ditka aliingizwa 1988, taitendi wa kwanza. Mackey, wa pili, aliingizwa 1992, ukiwa ndio mwaka wa mwisho wa muda wake wa kawaida wa kuchaguliwa, na wengi waliamini kuwa kesi ile ndiyo iliyomcheleweshea. Ni desturi shujaa akabidhiwe pete yake nyumbani kwa klabu aliyoichezea. Lakini Colts hawakuwapo tena Baltimore: usiku mmoja wa Machi 1984 mizigo yao ilipakiwa katika malori na kupelekwa Indianapolis. Alipoitwa huko kupokea pete, Mackey alikataa. Akaipokea Baltimore, Memorial Stadium, katika mji usio na klabu, mbele ya watu waliomwona akikimbia.

Pete zile mbili, ya ubingwa na ya Canton, hazikumtoka vidoleni hata maradhi yalipomwingia. Yalimwanza alipokaribia miaka 60, maradhi ya ubongo yanayokula kwanza tabia na busara ya mtu, kisha kumbukumbu. Siku moja katika kiwanja cha ndege wakaguzi walimwambia avue pete. Yeye, ambaye akili yake haikuwa tena na nafasi ya kuelewa ukaguzi ni nini, aliona kuwa watu wanataka kumnyang'anya, akakimbia kwa nguvu zake za zamani, na ikabidi watu kadhaa wamwangushe. Mkewe Sylvia, waliyejuana tangu Syracuse, alikuwa amerudi kazini katika umri wa miaka 56, akiwa mhudumu wa ndege, ili nyumba yao ipate bima ya matibabu. Pensheni ya mumewe ilikuwa chini ya dola 2,500 kwa mwezi, nayo haikukaribia gharama za kumtunza mgonjwa wa namna ile usiku na mchana.

Mwaka 2006 Sylvia alimwandikia kamishna wa ligi, Paul Tagliabue, barua ya kurasa tatu, akieleza bila kuficha maradhi hayo yanavyomla mgonjwa na anayemwuguza. Barua ilisomwa. Mwaka 2007 matajiri na chama cha wachezaji, pande mbili zilizozoea kukutana mahakamani, waliafikiana kuanzisha mfuko wa kuwauguza wachezaji wa zamani waliopatwa na maradhi ya kusahau: hadi dola 88,000 kwa mwaka kwa anayetunzwa katika makao maalumu, na hadi 50,000 kwa anayeshinda katika vituo vya mchana. Hesabu hiyo ya kwanza haikuletwa na mhasibu. Waliichagua kwa ajili ya jezi yake, na mfuko wenyewe ukaitwa Mpango wa 88.

Alifariki Baltimore tarehe 6 Julai 2011, ana miaka 69. Ubongo wake ulipelekwa Chuo Kikuu cha Boston kuchunguzwa, na wataalamu wakaona ndani yake alama za madhara yale yanayoletwa na kichwa kugongwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Kufikia wakati huo wake wa wachezaji wengine, wa klabu alizozichezea na wa klabu alizopambana nazo, walikuwa wakikaa mezani jioni, waume zao wakiwa kimya chumba cha pili, wakijaza karatasi za kuomba msaada zenye namba yake juu.